Pikapu ya Zamani Inamisi na Kupiga Mabomu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Kabureta ndiyo hubebeshwa lawama kwanza. Pikapu ikianza kumisi, boneti huinuliwa, kabureta hufunguliwa, huoshwa kwa petroli, hufungwa tena, na gari huondoka likimisi vilevile, tofauti ikiwa ni skrubu mbili zilizolika vichwa. Baada ya hapo zinanunuliwa plagi, kisha koili (inayokuza umeme wa betri kuwa moto wa plagi), kisha waya. Fedha inakwisha na ubovu bado upo.

Hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine: injini inasikilizwa, inapimwa, na spea inanunuliwa mwisho. Kwenye injini za kabureta na distributa (kifaa kinachogawa moto wa koili kwa kila plagi), anza upande wa umeme wa plagi kila mara. Ubovu mwingi wa aina hii unakaa huko, na kuukagua hakuhitaji kufungua kitu ambacho huwezi kukirudisha mwenyewe.

Mfano wangu ni Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ile ya silinda nne na cc 2366, kwa kuwa bado zinabeba mizigo na kila mji una fundi anayezijua. Mwenye Datsun 1200, Hilux ya 2Y au 3Y, au Peugeot 504 atapita njia hiyohiyo, kwani zote hupiga kwa mpangilio wa 1-3-4-2, yaani silinda ya 1 huchoma kwanza, kisha ya 3, ya 4 na ya 2. Wa Peugeot akumbuke jambo moja: kwenye 504 silinda ya 1 huhesabiwa kutoka upande wa gia, si kutoka mbele kwenye rejeta. Waya nyingi zimepachikwa vibaya kwenye magari hayo kwa sababu hiyo tu.

Vifaa: spana ya plagi, fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya), mita ya umeme, koleo lenye mpini wa mpira mzito, tochi, chupa ya kupulizia maji, na plagi moja nzima ya kujaribia. Taa ya taimingi na geji ya kompresheni unaweza kuazima gereji kwa siku moja.

Tahadhari

Injini inayopiga chafya kwenye kabureta inatema moto. Usiinamishe uso juu ya kabureta injini ikizungushwa, na usimimine petroli kwenye koo la kabureta huku mwenzako anapiga stata. Kifuniko cha filta ya hewa kiache mahali pake kila inapowezekana, maana ndicho kinachozuia ulimi wa moto usifike kwenye mipira ya petroli. Weka kizima moto au ndoo ya mchanga karibu. Gari liwe nyutro, hendibreki juu, magurudumu yamezuiwa, na uwe mahali penye hewa. Moto wa plagi ni maelfu ya volti. Kwenye distributa za elektroniki unaweza kumtupa mtu mkono ukagonga feni.

Hatua ya kwanza: tenganisha sauti

Kumisi ni silinda kukosa zamu yake ya kuchoma. Mlipuko ni jambo jingine, ingawa mara nyingi misi ndiyo mama yake. Swali la msingi ni mlipuko unatokea mbele au nyuma.

Ukitokea mbele, kabureta ikipiga chafya, maana yake kuna moto ndani ya silinda wakati vali ya kuingizia iko wazi. Hilo hutokea kwa njia chache tu. Mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo, hivyo unaungua polepole na bado unawaka vali inapofunguka tena. Au cheche imefika kwenye silinda isiyo zamu yake. Au vali ya kuingizia haifungi sawasawa. Ipo na ya nne, ambayo mafundi wengi huisahau: nundu ya kemshafti inayofungua vali ya kutolea imelika, moshi hautoki wote, na vali ya kuingizia ikifunguka moshi ule wenye moto unarudi juu kwenye kabureta.

Ukitokea nyuma, ekzosi ikipiga mabomu, maana yake petroli isiyoungua imefika kwenye bomba lenye joto, ikakutana na hewa, ikawaka huko. Tafuta silinda inayomisi, taimingi iliyochelewa (cheche kuja baada ya wakati wake), vali ya kutolea iliyoungua, au tundu kwenye ekzosi linaloingiza hewa.

Kisha uliza ni lini. Mabomu unapoachia mafuta kwenye mteremko yanaelekeza kwenye ekzosi na kabureta. Chafya unapokanyaga ghafla inaelekeza kwenye pampu ndogo ya kabureta. Misi wakati wa mzigo na mlima, huku sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) ikiwa tulivu, ni plagi, waya au koili, kwa kuwa mgandamizo ukiwa mkubwa cheche dhaifu hushindwa kuruka. Misi ya sailensa inayopotea ukikanyaga mafuta mara nyingi ni hewa inayoingia pasipotakiwa au vali isiyokaa. Misi ya asubuhi yenye umande au baada ya mvua ni waya na kofia ya distributa. Injini ikiwa nzuri ikiwa baridi na kuanza vurugu baada ya nusu saa, shuku igniza (kifaa cha elektroniki kinachokata na kuwasha umeme wa koili) au koili.

Na swali la mwisho, ambalo ningeliweka la kwanza kama watu wangekuwa wanajibu kwa ukweli: nani aliigusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Misi iliyoanza saa moja baada ya sevisi haikutokana na uzee. Iliyoanza baada ya injini kuoshwa kwa pampu ya maji kwenye kituo cha kuoshea magari, fungua kofia ya distributa uikaushe kabla ya jambo lolote jingine.

Hatua ya pili: ijue silinda inayokosa

Washa injini, iache ipate moto, nenda nyuma uweke kiganja au kipande cha karatasi karibu na mdomo wa ekzosi. Pumzi inayokatika kwa mdundo uleule ni silinda moja mbovu. Pumzi inayokatika ovyo bila mpangilio ni jambo linalogusa silinda zote: mchanganyiko, koili, pointi, distributa iliyochezacheza. Karatasi ikivutwa ndani mara kwa mara badala ya kusukumwa tu, vali ya kutolea ina shaka kubwa.

Sasa zima injini, legeza vichwa vya waya za plagi vitoke kwa urahisi, washa tena, uchomoe waya mmoja mmoja kwa koleo. Kila waya unaouchomoa upeleke kwenye plagi ya kujaribia iliyogusana na chuma cha injini. Usiuache ukining'inia hewani, hasa kwenye distributa ya elektroniki, kwani moto usiopata njia hujitafutia njia yake ndani ya koili, rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia ya distributa) au igniza. Ukichomoa na injini ikashuka na kutetemeka zaidi, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na pasibadilike kitu, umeipata mbovu.

Kuna njia isiyogusa umeme: washa injini baridi kwa dakika moja au mbili, kisha rusha tone la maji kwenye kila mguu wa manifoldi ya ekzosi. Mguu ambao maji hayachemki haraka ndio wa silinda isiyochoma. Matone tu, usimwage. Manifoldi ni ya chuma cha kalibu na hupasuka.

Silinda mbili za jirani zikikosa pamoja, 1 na 2 au 3 na 4, fikiria mambo mawili: waya zao zimebadilishana, au gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao. Zote nne zikiyumba, usipoteze muda na plagi moja moja. Ruka uende kwenye koili, taimingi na petroli.

Hatua ya tatu: zisome plagi

Fungua plagi injini ikiwa imepoa. Hedi ya 22R ni ya aluminiamu, na kulazimisha plagi ikiwa ya moto ndiko kunakong'oa uzi. Zipange kwa namba zake, kisha uangalie kwa tochi.

Plagi ya injini nzima ina rangi ya kahawia au kijivu hafifu. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi au choki (kilango kinachopunguza hewa kwenye kabureta) isiyofunguka. Plagi iliyolowa na kunuka petroli haijapata cheche. Iliyolowa mafuta mazito ya injini inakuambia ringi au sili za vali zimechoka, na hapo plagi mpya itakupa nafuu ya wiki chache tu. Nyeupe kama chokaa, yenye ncha zilizoanza kuyeyuka, ni joto: hewa nyingi, taimingi ya mapema, au plagi ya namba isiyofaa. Moja ikiwa nyeupe na nyingine zote kahawia, tafuta hewa inayoingia kwenye mguu wa manifoldi wa silinda hiyohiyo.

Angalia pia kauri ya nje. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma ni njia ambayo moto umekuwa ukipita badala ya kuruka kwenye ncha. Plagi hiyo haina dawa, na waya wake mara nyingi umekwisha pia.

Mwanya kwenye 22R ni milimita 0.8. Upime hata kwenye plagi mpya, kwa kuwa huanguka dukani na kugongwa. Plagi feki ziko kila soko. Ziangalie maandishi yaliyofifia, uzi wenye makali, na ncha ya katikati isiyosimama wima. Plagi mpya isiyowaka imewapoteza watu wengi kuliko plagi ya zamani, maana hakuna anayeishuku. Kabla ya kuamini, hamisha plagi ya silinda mbovu uipeleke kwenye silinda nzima. Misi ikihama nayo, kazi imekwisha.

Ukirudisha, anza kuzikaza kwa mkono bila spana mpaka zikae.

Hatua ya nne: waya, kofia na rota

Pima kila waya kwa mita. Kwenye Toyota kikomo ni kiloohmu 25 kwa waya mmoja. Ukipita hapo, au namba ikirukaruka unapoukunja, utupe. Kisha ngoja giza liingie, washa injini, nyunyiza ukungu mwepesi wa maji juu ya waya na kofia, uzime taa zote. Utaona cheche za buluu zikirukia kwenye chuma au kutoka waya mmoja hadi mwingine. Jaribio hili halina gharama na linashinda maneno ya watu kumi.

Fungua kofia. Ndani tafuta mstari mwembamba kama wa penseli unaounganisha vituo viwili, nyufa, kutu nyeupe kwenye vituo, na kipande cha kaboni cha katikati kama bado kipo na kinarudi kwa springi. Rota iangalie ncha na uso wa juu. Tundu dogo lililoungua katikati yake linamaanisha moto unashuka kwenye shafti. Kukwangua vituo kwa msasa kunakufikisha nyumbani, lakini kofia na rota hubadilishwa pamoja.

Sasa hakikisha mpangilio. Toa plagi ya silinda ya 1, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe injini kwa spana kwenye puli ya krenki mpaka kidole kisukumwe na hewa, kisha endelea taratibu hadi alama ya puli ifike sifuri. Pistoni ya 1 iko juu kabisa, tayari kuchoma. Rota lazima iwe inatazama kituo cha waya wa 1. Kutoka hapo fuata upande ambao rota inazungukia: 1, 3, 4, 2. Kama rota inatazama kituo cha upande wa pili, distributa imepachikwa pistoni ikiwa juu kwa kutoa moshi. Gari la hivyo haliwaki, linatema moto tu kwenye kabureta, na mtu anaweza kufungua kabureta mara tano bila kupata jibu.

Hata waya zikiwa kwenye vituo sahihi, zinavyolazwa kuna maana yake. Silinda ya 4 hupiga mara tu baada ya 3, nazo ni jirani. Waya zao zikifungwa pamoja kwa urefu, moto wa 3 unaweza kuamsha cheche kwenye 4, ambayo wakati huo ndiyo kwanza imemaliza kuvuta na vali yake ya kuingizia haijafunga kabisa. Matokeo ni chafya kali isiyo na mpangilio. Ndivyo ilivyo kwa 2 na 1. Zitenganishe kwa vishikio vyake vya plastiki, na kama vimekatika, tengeneza vingine.

Hatua ya tano: koili, pointi na igniza

Weka plagi ya kujaribia kwenye waya wa koili, chuma chake kiguse injini, mbali na matundu ya plagi yenye mvuke wa petroli, kisha piga stata. Cheche nene ya buluu inayopasuka kwa sauti ni nzima. Ya manjano, nyembamba na ya kimya ni dhaifu. Kabla ya kuilaumu koili, pima volti zinazoifikia swichi ikiwa wazi. Betri yenye volti 12.6 inayofika kwenye koili ikiwa 9 kwenye gari lisilo na rezista inaelekeza kwenye swichi, fyuzi au waya uliooza. Waya wa ardhi kutoka injini hadi bodi nao uukague. Ukilegea, misi huja na kuondoka kadiri injini inavyotikisika.

Kwa distributa zenye pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili), kama zile za Toyota za kizazi kilichotangulia 22R, mwanya ni kama milimita 0.45. Pointi zilizoungua hadi moja ina kilima na nyingine ina shimo huashiria kondensa iliyochoka. Badilisha zote mbili, weka grisi kidogo sana kwenye nundu za shafti. Shika shafti uitikise pembeni: ikicheza, mwanya hubadilika kila mzunguko na hakuna fundi atakayeweza kuiweka sawa.

22R nyingi zina igniza badala ya pointi. Ubovu wake unajulikana kwa joto: gari linazima au kumisi likichemka, linakaa dakika ishirini, linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Likizima, jaribu cheche papo hapo. Kama haipo, na baada ya kupoa imerudi, umepata. Waya mbili nyembamba ndani ya distributa, zinazocheza kila sahani ya ndani inaposogea, nazo hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana. Zivute polepole uone kama zinarefuka.

Hatua ya sita: taimingi

Chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye distributa, uuzibe, paka chaki kwenye alama ya puli, unganisha taa ya taimingi kwenye waya wa 1. Nyuzi (digrii) zinazotakiwa zipo kwenye kibandiko chini ya boneti au kwenye kitabu cha gari lako. 22R zilitoka kwa matoleo tofauti, usiazime namba ya gari la jirani.

Taimingi iliyochelewa inafanya injini iwe nzito, manifoldi iwe nyekundu, na ekzosi ipige mabomu. Iliyotangulia sana hugonga mlimani na kurudisha stata. Kanyaga mafuta ukiwa na taa: alama isogee mbele taratibu. Ikikaa palepale, uzito wa ndani ya distributa umeganda. Ikirukaruka sailensa, shafti imechoka. Rudisha mpira wa vakyumu, au uvute kwa mdomo: sahani lazima isogee na ibaki hapo. Ukiendelea kuvuta hewa bila kikomo, dayaframu imepasuka, na tundu hilo pia linapeleka hewa ya ziada kwenye injini.

Kwenye 22R kuna la ziada. Distributa inaendeshwa na meno yaliyo mbele ya kemshafti, na kemshafti inaendeshwa na cheni. Cheni ikirefuka, vali zinachelewa na cheche inachelewa pamoja nazo. Unaweza kuzungusha distributa ukarudisha cheche, lakini vali zitabaki nyuma. Sikiliza mbele ya injini asubuhi: mkwaruzo wa chuma sekunde za mwanzo ni miongozo ya plastiki ya cheni iliyovunjika. Usiendelee kuendesha kwa wiki kadhaa ukisubiri fedha. Cheni iliyolegea hukata kava la mbele hadi kwenye njia ya maji, na maji yakiingia kwenye oili utakuwa unatengeneza injini nzima.

Hatua ya saba: petroli na hewa

Hapa ndipo kabureta inapopata zamu yake, baada ya umeme kusafishwa jina. Injini ikiwa ya moto na inamisi, funga choki nusu kwa mkono. Ikitulia na kuongeza nguvu, ilikuwa na njaa ya petroli au hewa nyingi. Ikizidi kuharibika na kutoa moshi mweusi, ilikuwa imeshashiba.

Ikiwa na njaa, anza na hewa ya wizi. Mipira ya vakyumu iliyopasuka, gasketi chini ya kabureta, mpira wa busta ya breki, manifoldi iliyolegea nati. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika kwa muda maji yanapoziba tundu, umefika. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Juu ya manifoldi ya moto na waya zenye nyufa, huko ni kuomba msiba. Mpira wa busta ubane kwa koleo: misi ikikoma, ubovu uko kwenye busta, na breki zako ziko hatarini pia.

Kisha petroli yenyewe. Kabureta ya Aisan ya 22R ina kioo kidogo pembeni. Petroli ionekane karibu na katikati. Ikishuka unapokanyaga, rudi nyuma ukague filta, pampu na tanki. Pampu ya 22R ya kabureta inaendeshwa na kemshafti. Chomoa mpira wake wa kutolea, uelekeze kwenye chupa mbali na waya za moto, zungusha kwa stata ukiwa umechomoa umeme wa koili. Inatakiwa kutema kwa nguvu, si kudondosha. Kama gari huzima baada ya mwendo na kuwaka ukifungua kifuniko cha tanki ukasikia linavuta pumzi, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Ubovu wa bei ndogo kuliko wote, na watu hubadilisha pampu kwa ajili yake.

Chota petroli kwenye chupa ya kioo uiache itulie. Maji hukaa chini, na mstari wake huonekana. Kwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha kitu, iliyochakachuliwa huacha doa la mafuta. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya, lakini petroli ya kuuziwa kwenye madumu porini haipiti kwenye mikono hiyo.

Chafya unapokanyaga ghafla ina jaribio lake. Zima injini, angalia ndani ya koo la kabureta, vuta waya wa mafuta: mchirizi wa petroli utoke mara moja. Usipotoka au ukichelewa, ngozi ya pampu ndogo imekufa. Seti yake ndogo ya matengenezo inatosha. Huhitaji kabureta nyingine.

Neno kwa wanaosafiri milima na pwani. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam likapanda hadi Mbeya, kama mita 1,700 juu ya bahari, litakuta hewa nyepesi na petroli itazidi. Plagi nyeusi huko hazimaanishi kabureta mbovu. Lililopunguziwa petroli huko juu likishuka pwani litakuwa na njaa na kupiga chafya. Rekebisha mahali unapofanyia kazi.

Hatua ya nane: ndani ya injini

Silinda ikibaki kimya baada ya cheche nzuri na petroli nzuri, pima kompresheni. Injini ya moto, plagi zote nje, umeme wa koili umechomolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, betri imejaa. Kwa 22R nzuri tarajia karibu psi 170 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Chini ya 142 imechoka, na tofauti kati ya silinda isizidi kama 14. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Mbeya injini ileile itasoma kama 140, na fundi asiyejua atakwambia ufungue injini. Linganisha silinda zenyewe kwa zenyewe.

Iliyo chini itilie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, vali au gasketi. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi. Fungua rejeta ikiwa baridi, washa, uangalie mapovu yasiyokoma.

Kabla ya kung'oa hedi kwa sababu ya vali, pima nafasi zake, kwani vali iliyobanwa haikai kitini na dawa yake ni bisbisi na spana. Injini iwe ya moto: ya kuingizia milimita 0.20, ya kutolea milimita 0.30. Silinda ya 1 ikiwa juu kwa kuchoma, rekebisha za kuingizia za 1 na 2, na za kutolea za 1 na 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, kisha za kuingizia za 3 na 4, na za kutolea za 2 na 4. Kava likiwa wazi, tazama kila vali inavyoshuka wakati injini inazungushwa. Inayoshuka kidogo kuliko wenzake ina nundu iliyolika, na kama ni ya kutolea, chafya ya kabureta uliyoihangaikia imejibiwa.

Mabomu yaliyobaki kwenye mteremko

Misi imeisha lakini ekzosi bado inapasua ukiachia mafuta. Injini ikiwa baridi, washa, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache, na usikilize mfyonzo kutoka gasketi ya manifoldi hadi mwisho wa bomba la ekzosi. Ziba kila tundu. Baadhi ya Hilux zina vali inayopeleka hewa kwenye manifoldi ya ekzosi. Ikikwama wazi, itatoa mabomu hayohayo. Mwisho kagua vali ndogo ya umeme kwenye kabureta inayokata petroli. Gusisha waya wake kwenye umeme wa betri, usikie mlio wa kubofya. Kama hausikiki kwa sababu imekwama wazi, au ncha yake ilishakatwa na fundi aliyepita, injini itaendelea kupokea petroli unaposhuka na hata kujiwasha sekunde kadhaa baada ya kuzimwa.

Ukimaliza, pakia mzigo wa kawaida, panda mlima unaoujua kwa gia ya tatu, shuka ukiwa umeachia mafuta, panda tena, simama juu uzime injini mara moja bila kuiacha sailensa, kisha ikishapoa fungua plagi zote nne. Zinatakiwa kufanana rangi. Moja ikitofautiana, anza upya na silinda hiyo peke yake kuanzia hatua ya tatu.